Sampuli Tatu za Saynab

Mimi ni mtu wa kushuku. Nasema mapema ili usije ukanionea huruma mahali pasipostahili. Nikikaribishwa chai nauliza kwanza maji yametoka wapi. Hooyo, yaani mama yangu, husema nilizaliwa nimekunja uso, nikimtazama mkunga kama mwizi. Kwa hiyo nilipofika chuo kikuu na kufundishwa kemia ya uchunguzi, ile ya kutafuta kitu kilichofichwa ndani ya kitu kingine, niliona hapa ndipo kwangu.

Naitwa Idil. Mwaka jana nilikuwa mwaka wa tatu, na mwaka huo haukuwa wa darasani. Chuo kilitutawanya viwandani, kila mtu na kiwanda chake, tufanye kazi kama wafanyakazi na tusome kama wanafunzi, vyote kwa pamoja. Mimi niliangukia kiwanda cha maziwa ya ngamia hapa hapa Garissa, nyumbani. Asubuhi niko maabara na koti jeupe. Saa ya chakula wenzangu wakienda kula wali, mimi najibanza nyuma ya jokofu kubwa ambako mtandao wa kiwanda unashika, napakua mihadhara kwenye simu. Hata mtihani ulikuwa kwa simu. Kamera inakukodolea macho saa mbili nzima, na ukigeuka kidogo inaandika kwamba umegeuka. Mimi niligeuka mara moja kumtazama mbuzi aliyeingia chumbani, chuo kikaniandikia barua ya kunitaka nijieleze. Fikiria. Nikaeleza habari za mbuzi kwa kurasa mbili.

Mhadhiri wangu aliitwa Daktari Mutheu. Yeye nilikuwa namjua uso tu, mdogo kama stempu kwenye pembe ya kioo cha simu. Kila wiki nilimtumia matokeo ya kazi yangu, na mwisho wa muhula nilitakiwa kumtumia ripoti moja kubwa kuhusu tatizo nililoligundua kiwandani. Wenzangu walikuwa wameshapata matatizo yao, mmoja kwenye rangi, mwingine kwenye saruji. Mimi bado. Ukiniuliza, hapo ndipo shetani alipopata kiti cha kukalia.

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu maziwa yalifika langoni kwa pikapu. Wa kwanza kushuka alikuwa Saynab, ambaye nilimwita habaryar, mama mdogo, kama tunavyowaita wanawake wa rika la mama zetu. Mwembamba, mrefu, sauti ya kuamrisha. Nyumba kumi na moja za bomani kwao zilimkabidhi maziwa yao, naye akayauza kwa jina lake. Alikuwa akiuza maziwa mjini hata kabla kiwanda hakijajengwa, na watu wa sokoni walisema maziwa ya Saynab hayahitaji kuonjwa. Nyuma yake alitembea mkaza mwanawe, Muslimo, msichana wa kimya na mtoto mgongoni, akibeba mikebe miwili kwa mpigo.

"Huyu ndiye mkono wangu wa kulia," Saynab aliniambia siku ya kwanza. "Mwanangu yuko barabarani na lori mwezi mzima, hata simjui tena. Lakini huyu hajaniacha siku moja. Mikebe yote anaiandaa yeye."

Muslimo akatazama chini, akatabasamu.

Sasa, kuna dawa moja inaitwa fomalini. Ni ile ya kuhifadhia maiti. Wako wafanyabiashara, sisemi wa wapi, wanaoitia kwenye maziwa yasiharibike kwa joto. Kipimo chake ni rahisi. Unatia maziwa kwenye kijichupa cha kioo, unayateremshia tindikali polepole ukutani, na kama dawa ipo, pete ya zambarau inajichora pale maziwa na tindikali zinapokutana. Kiwanda kilikuwa na sheria yake: sampuli tatu zenye pete, basi, muuzaji anafungiwa lango na jina lake linabandikwa ukutani. Kwa Saynab maana yake ni nyumba kumi na moja kukosa pa kupeleka maziwa, na jina lake kutupwa jalalani mbele ya mji mzima.

Kipimo hicho kilikuwa hakifanywi sana. Mimi ndiye niliyekifufua, kwa sababu nilikuwa nimesoma habari zake wiki ileile. Nikapima wauzaji wote. Wote safi. Nikapima mkebe wa Saynab, nikaona pete.

Moyo ulinipiga. Kwa furaha, nisiseme uongo.

Lakini kwanza sikumshuku Saynab, nilimshuku Bishar. Bishar ndiye mkuu wa maabara, mtu wa tumbo na tasbihi, anayenitilia sahihi kwenye daftari la mafunzo. Nikajiuliza, kwa nini ananiachia ufunguo? Kwa nini jana alikuwa akizungumza na wauzaji wengine pembeni ya lango? Huenda wanataka Saynab aondoke wachukue nafasi yake. Basi sampuli ya pili niliichota mwenyewe mkebeni, nikaifunga kwa utepe, nikaandika jina langu juu ya utepe, nikaiweka mfukoni mwa koti mpaka saa ya kupima. Bishar aliniona nikitembea na mkono mfukoni asubuhi nzima.

"Abaayo, dada yangu, una nini humo?" akauliza.

"Maziwa."

"Mfukoni?"

"Mfukoni."

Akatikisa kichwa, akaenda zake. Nikapima. Pete ikatokea tena, hafifu, lakini zambarau ni zambarau. Bishar nikamwondoa kwenye orodha yangu ya washukiwa. Akabaki Saynab.

Nilimngoja langoni kesho yake. Ningeweza kumwita ndani, nikampa kiti na heshima yake. Sikufanya hivyo. Nilimwambia palepale, pikapu zikiwa zimepanga foleni, kwamba maziwa yake yana dawa ya maiti, mara mbili nimeiona kwa macho yangu.

Hakupiga kelele. Alinitazama kwanza kama hajasikia vizuri. "Dawa gani?"

"Wewe ndiye utakayenieleza."

"Wallahi, mwanangu, hata hiyo dawa siijui rangi yake. Maziwa yanakamuliwa, yanatiwa mkebeni, yanapanda gari. Hakuna kingine."

"Kipimo hakidanganyi, habaryar."

"Na mimi je, nadanganya?"

Watu walikuwa wameanza kusogea. Damu ilinichemka, maana mimi mtu akiniuliza swali nisilo na jibu lake, hasira ndiyo inayojibu. Nikamwambia, "Kama si wewe, basi ni mtu wa nyumbani mwako. Mtazame anayeosha mikebe."

Niliyasema hayo na kugeuka kuingia ndani. Muslimo alikuwa mbali, anapakua upande wa pili wa pikapu, hakusikia. Saynab alisikia.

Saa ya chakula nikarudi nyuma ya jokofu, nikamtumia Daktari Mutheu matokeo yangu yote, nikiwa nimejaa majivuno kama mtu aliyekamata jambazi. Nikaandika kwamba ripoti yangu sasa ina kichwa na miguu. Jibu lake lilikuja baada ya nusu saa.

"Pete hafifu kiasi gani? Na sampuli yako safi ya kulinganishia ilikuwa ipi?"

Nikamjibu: maziwa ya pakiti kutoka dukani.

Akarudisha maneno mawili tu. "Ya ng'ombe?"

Sikujibu. Nilikasirika, na hasira yangu nilikuwa na ushahidi wake. Huyu mama, nikasema moyoni, anadhani nimekaa nyumbani natunga matokeo. Kwa vile hanioni mikono, kwa vile niko Garissa na yeye yuko Nairobi, lazima anitilie shaka. Kwanza mbuzi, sasa maziwa. Kama ningekuwa darasani kwake, mbele ya macho yake, angeuliza hivyo? Nikafunga simu, nikakaa wiki nzima bila kumjibu.

Ndani ya wiki hiyo nilipima sampuli ya tatu. Pete. Nikaandika ripoti kwa siku mbili, nikaituma chuoni, na nakala nikampa Bishar. Bishar aliisoma polepole akivuta tasbihi.

"Una hakika, abaayo?" akasema. "Yule mama namfahamu miaka kumi na tano."

"Mara tatu, Bishar. Kwani sheria inasema ngapi?"

Akaitia sahihi. Jina la Saynab likabandikwa langoni, na kabla ya adhuhuri mtu alikuwa amelipiga picha na kulituma kwenye magrupu yote ya WhatsApp. Jioni hooyo akanionyesha picha hiyo kwenye simu yake, hajui kama ni kazi ya binti yake. "Makubwa haya," akasema. "Saynab? Mimi nimekulea wewe kwa maziwa ya Saynab." Nikajifanya nakula.

Usiulize kwa nini baadaye nilirudi kwenye lile swali la Daktari Mutheu. Ningependa kusema ni dhamiri. Ukweli ni kwamba alinikumbusha kuwa ripoti bila sampuli ya kulinganishia inayofaa haitasahihishwa, na mimi sifuri siitaki. Alitaka maziwa ya ngamia ambayo nina hakika nayo, maziwa niliyoyaona yakitoka kwenye chuchu. Hapo nikasema sawa, utayapata, tena yatakuwa safi hata uone haya.

Hooyo ana ngamia mmoja wa maziwa, anachungwa na mjomba pembeni mwa mji. Nikaenda kwake alfajiri. Nikasimama pale mjomba akikamua, sikupepesa jicho. Maziwa yakaingia kwenye kibuyu cha hooyo, nikakipakata mwenyewe kwenye tuktuk mpaka kiwandani, hata dereva aliponiomba nisogee nikakataa. Hakuna mkono mwingine uliogusa. Nikayatia kijichupani, nikateremsha tindikali.

Pete ya zambarau. Tena si hafifu. Nene kuliko zote tatu za Saynab.

Sasa sikiliza nilivyo mtu wa ajabu. Mtu mwenye akili angefikiri kuhusu kipimo. Mimi nilifikiri kuhusu mama yangu. Nilipanda bodaboda, nikafika nyumbani, nikaingia jikoni nikaanza kufungua makabati. Chupa ya siki nikainusa. Chupa ya mafuta ya nywele nikainusa. Hooyo alikuwa uani, akaniita.

"Naa, we msichana, unatafuta nini humo?"

"Hooyo, kwenye kile kibuyu unatia nini?"

"Maziwa."

"Kabla ya maziwa."

"Sitii kitu. Nimekutilia nini mimi, sumu?" Aliniangalia, akaona sicheki. "Idil. Unanishuku mimi?"

Akasonya, akaendelea na kazi aliyokuwa akiifanya. Alikuwa na kibuyu kingine mapajani, kimeoshwa kwa maji kidogo, maana maji yenyewe ya kununua. Akachukua kijinga cha mgunga kutoka jikoni, kinawaka ncha, akakitumbukiza ndani ya kibuyu, akakizungusha, akafunika kwa kifuniko moshi usitoke. Akakitikisa. Akakifungua, akapuliza majivu, akarudia tena.

Nimeona jambo hilo tangu nikiwa na miaka miwili. Nimelifanya mwenyewe mara mia. Moshi ndio unaofanya maziwa yafike mjini bila kuchacha, na maziwa yasiyonukia moshi kwetu ndiyo yanayoshukiwa. Lakini ungeniuliza mara elfu hooyo anatia nini kwenye kibuyu, ningekujibu hatii kitu. Moshi si kitu. Moshi ni kibuyu chenyewe.

Na kwenye moshi wa kuni mna fomalini. Kidogo, lakini imo. Hilo nilikuwa nimelisoma kwa macho yangu, ukurasa fulani wa somo lilelile, nikalipigia mstari, nikapita.

Nikarudi kwa mjomba na chupa mpya ya kioo ya maabara, akanikamulia ndani yake. Kiwandani nikayagawa maziwa hayo sehemu mbili. Nusu nikaiacha kwenye chupa, nusu nikaitia kwenye kibuyu kilichofukizwa. Baada ya saa tatu nikapima. Ya chupani, hakuna kitu. Ya kibuyuni, pete. Nikamwita Bishar aje aone.

"Wauzaji wengine wanaosha mikebe kwa maji moto ya kiwanda," nikamwambia. "Saynab bado anafukiza yake kwa moshi. Bomani kwao hawana maji ya kumwaga ovyo."

Bishar aliviinua vile vijichupa viwili kwenye mwanga. "Hata mimi nimekunywa maziwa ya moshi maisha yangu yote," akasema. "Sikukumbuka." Akatoka mwenyewe mpaka langoni, akalibandua lile jina, akalichana. "Nenda kamwambie kesho alete maziwa. Mimi nitamwomba radhi hapa langoni, watu wakisikia."

Nikamwandikia Daktari Mutheu kwamba naiondoa ripoti yangu, nikamweleza sababu. Alijibu: "Nimepokea. Somo hili utalirudia muhula ujao." Sikununa. Nilikuwa na furaha nyepesi, ile ya mtu aliyejikwaa akaona hajavunja kitu. Siku kumi tu tangu jina libandikwe, nikajiambia. Kesho Saynab atarudi langoni, nyumba kumi na moja zitauza maziwa yao, na mimi nitasemwa wiki moja yaishe.

Nikapanda pikapu ya maziwa inayorudi tupu, nikafika bomani kwao baada ya adhuhuri. Saynab alikuwa amekaa mbele ya nyumba, anaosha mikebe. Peke yake. Kando yake kulikuwa na sabuni ya unga na maji machache machafu. Alikuwa akiisugua kwa mchanga, mikono imemchubuka.

Hakuinuka. "Umekuja kupima nini tena?"

Nikachuchumaa. Nikamweleza yote, haraka haraka. Moshi. Kijinga. Kibuyu cha hooyo. Nikamwambia hajatia kitu, hakuna aliyetia kitu, ni kosa langu mimi, na Bishar ameshaichana ile karatasi na anamngoja kesho langoni.

Nilitegemea atanitukana. Nilikuwa tayari. Au atacheka, maana jambo lenyewe lina kichekesho chake. Yeye aliuweka chini mkebe aliokuwa nao.

"Hakuna aliyetia kitu," akasema.

"Hakuna, habaryar."

"Una hakika? Mara ile pia ulikuwa na hakika."

"Nimepima mbele ya Bishar. Ni moshi."

Akatazama mlango wa nyumba. Ndipo nami nikatazama. Hapakuwa na nguo za mtoto kwenye kamba. Hapakuwa na sauti ya mtoto.

"Muslimo yuko wapi?" nikauliza, na nilipouliza nilikuwa nimeshajua.

"Kwao, Hadado. Siku ya nane leo." Alisema akitazama mikono yake. "Nilijiuliza kila usiku. Kipimo hakidanganyi, na mimi sikutia. Sasa nani? Mikebe anaishika yeye peke yake. Nikamuuliza, akalia. Nikasema mbona analia kama hana hatia. Nikamuuliza tena, akanyamaza. Nikasema mbona ananyamaza. Nikampandisha basi na mtoto wake."

Nilitaka kusema kitu kuhusu moshi tena, kama kwamba kuurudia ungerudisha mtu. Nikasema, "Mpigie simu. Mwambie."

"Mimi hapokei simu zangu." Akatoa simu kwenye mtandio wake, akanisomea namba. "Piga kwa yako. Mwambie wewe, wewe ndiye mwenye kipimo."

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje ili sote tusikie. Ililia sana. Kisha Muslimo akapokea, sauti ileile ya chini. Nikamsalimu, nikajitaja jina, nikamweleza nilivyokuwa nimemweleza Saynab, ila polepole zaidi. Moshi tu. Hakuna aliyetia kitu. Jina la nyumba limesafishwa, anaweza kurudi hata kesho.

Nikatazama kioo kama simu bado iko hewani. Nyuma yake nilimsikia mtoto.

"Kipimo chako kilisema kuna dawa kwenye maziwa," akasema Muslimo. "Nimekuelewa, mashine imekosea. Lakini mashine haikusema ni mimi. Nani alisema ni mimi?"

Saynab alinikazia macho. Hakuwa amemwambia. Siku zote hizo, katika maswali yote yale, hakuwa ametaja kwamba maneno hayo yalitoka kinywani mwangu langoni. Angeweza kunitaja sasa, na ningestahili.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimwambia amtazame anayeosha mikebe. Nilikuwa na hasira tu, Muslimo. Sikuwa hata nikikufikiria wewe."

"Wewe hunijui," akasema. "Wewe sikulaumu. Nipe yeye."

Nikamsogezea Saynab simu. Mwanamke yule wa sauti ya kuamrisha aliishika kwa mikono miwili, sauti ikatoka ndogo. "Muslimo," akasema. "Binti yangu."

Upande wa pili mtoto alinyamazishwa. Tulisikia pumzi yake, Muslimo, moja, ya pili.

Kisha simu ikakatika. Saynab akanitazama, akasema ni mtandao, huko Hadado mtandao ni mbaya. Nikasema ndiyo, ni mbaya. Tulikaa pale na ile simu katikati yetu, na sote wawili tulijua kuwa si mtandao.